Niliyoyajua Kuhusu Wafaransa

Jumamosi, 3 Mei

Siku ya mbio. Tangu asubuhi kipaza sauti cha uwanja wa farasi kinapiga kelele majina ya wanyama nisiowaona. Miaka kumi na tisa hapa Turffontein, Johannesburg, na sijawahi kuona farasi akikimbia. Nasikia tu. Mashati matatu nimepiga pasi. Chai ya pili. Kurasa ishirini, kisha macho yakakataa.

Mjukuu wangu Mireille alirudi kutoka duka la dawa saa nane. Hakuvua koti. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kama alivyokuwa akikaa utotoni kila alipovunja kitu. Akaanza kwa Kiingereza. Mambo mazito huyasema kwa Kiingereza. Kiswahili chetu amekiachia salamu na chakula. Yupo mwanamume. Wako pamoja mwaka wa pili sasa. Anataka kuja kujionyesha kwa wazee tarehe 31. Anaitwa Bastien. Ni Mfaransa.

Nikauliza, Mfaransa wa wapi?

"Wa Ufaransa, Nkambo. Kuna wengine?"

Wapo. Mpangaji wa nyumba ya pili anatuita sisi Wakongomani Wafaransa, kwa sababu anasikia Kifaransa kikitoka dirishani. Sikumtajia. Sikuwa na hamu ya mzaha.

Yaliyobaki aliyasema akiwa mlangoni. Mkataba wa kazi wa Bastien unaisha Agosti. Atarudi kwao, mji wa Limoges. Wakioana, atakwenda naye.

Mireille ana miaka ishirini na tisa. Yuko nami tangu ana sita, tangu mama yake afariki, binti yangu Odile. Sina mwingine. Nimeogopa. Naandika neno hilo ili nilione.

Jumapili, 4 Mei

Kanisa letu liko ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa duka la samani, katikati ya jiji. Mshale ukutani bado unaelekeza kwenye magodoro. Ibada ndefu. Baada ya ibada nikagundua kwamba habari ilitangulia kufika.

Kumbe kila mtu anawajua Wafaransa. Mama Béatrice, kiongozi wa kwaya na jirani yangu wa nyumba ya mbele, alisema hawaogi; wanajipulizia manukato juu ya jasho la jana. "Aoge kwanza, njo aje." Mwingine akasema wanakula vyura na konokono. Mwingine, kwamba wanagoma kazini kila wiki. Kwamba wana kiburi, na Kiingereza wanakijua ila hawataki kukisema. Kwamba mume wa Kifaransa ana mke na mwenziwe, na mke anajua. Hakuna hata mmoja wao aliyefika Ulaya.

Shemeji yangu Kasongo, kaka wa marehemu mke wangu, hakucheka. Yeye anashika desturi. "Atakuja na nani? Mwanaume haji peke yake kama mwizi." Kweli. Kwetu mwanamume huja na wazee wake. Msemaji wao hutangaza nia, huweka kinywaji mezani. Msichana huulizwa mbele ya wote: tunywe? Akikubali, mzee wake hunywa wa kwanza. Mzee huyo ni mimi. Nisipokunywa, watu huchukua viti vyao na kwenda.

Niliwaambia waache porojo. Mimi nimefundishwa na Mfaransa miaka mitatu. Wakanyamaza. Nilifurahi walivyonyamaza.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Mzee Shekue, kupunguza kiuno cha suruali. Ni fundi cherehani, mtu wa Tanga, rafiki yangu wa miaka ishirini. Yuko ghorofa ya tano na lifti ya jengo lile ilikufa zamani. Nilipumzika mara tatu. Akanipima, akasema nimekonda, akadai suruali hii itanizika. Tukacheka.

Naye ana yake kuhusu Wafaransa. Vyura tena. Nikamwambia mimi niliyekula viwavi wa Katanga, tena nikalamba vidole, nitamcheka nani?

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria Bwana Lambert. Mwalimu wa Kifaransa na historia. Tulimwita Mfaransa tu, kama jina. Alikuwa na nyumba yenye baraza kwetu Lubumbashi, kwenye barabara ya mijakaranda, na kutoka baraza lile uliona bomba la moshi la kiwanda na ule mlima mweusi wa makapi ya shaba. Jumamosi alifungua kabati la vitabu. Ulichagua kimoja, uliandika jina lako kwenye karatasi, uliondoka nacho chini ya shati mvua isikiguse. Hapo ndipo nilipokuwa mtu. Sioni njia nyingine ya kulisema.

Niandike niliyoyajua kwa macho yangu. Alioga asubuhi na jioni. Hakuwa na kiburi. Kila kichekesho chake kilimhusu yeye mwenyewe, na daima yeye ndiye mjinga wa hadithi. Mvinyo hakuugusa, alikunywa bia, na kila bia na glasi yake. Viazi alikaanga mara mbili, kwa mafuta ya ng'ombe, akala kwa mayonezi. Redioni alifuata mbio za baiskeli na kulia mpanda baiskeli wake aliposhindwa. Tarehe sita Desemba tulikuta biskuti za mdalasini juu ya madawati, zimeumbwa kama mtakatifu mwenye fimbo.

Basi, karibu yote yanayosemwa kuhusu Wafaransa ni uongo. Kijana huyu nitampima kwa Bwana Lambert.

Alhamisi, 8 Mei

Kliniki. Vidonge vya shinikizo la damu vya mwezi. Foleni kutoka saa kumi na mbili. Langoni walikuwapo watu wanaouliza nani ni wa wapi na kuwarudisha wageni. Mama aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kwa Kizulu, kwa upole tu, kwetu wapi. Nikasema Venda, kaskazini mwa nchi hii hii. Akaitikia kwa kichwa. Nimezoea. Nasema Venda tangu mwaka ule walipochoma maduka ya wageni.

Mguu unauma.

Jumapili, 11 Mei

Bastien amekuja kula. Si kujionyesha, kula tu. Mireille alitaka nimwone kabla ya tarehe 31.

Mrefu. Masikio makubwa. Mama Béatrice, aliyejialika, alimsogelea kumsalimu na kuvuta pumzi. Baadaye aliniambia jikoni: "Sabuni." Kwa masikitiko kidogo. Mimi nilimpa kichwa, kwa salamu yetu, tugusane mapaji ya uso mara tatu. Yeye alikuja na mashavu. Tuligongana pua. Mireille alicheka hadi akakaa.

Kazi yake ni ufundi wa lifti. Sikutegemea. Nilimtegemea mtu wa ubalozi, au mpishi. Nikamwuliza wanagoma mara ngapi. Akasema tangu afike Johannesburg waliogoma ni wenyeji. Yeye alipanga kugoma mara moja lakini mvua ilinyesha.

Alileta jibini. Mama Béatrice aliipeleka nje, juu ya ukuta. Paka alikuja, akanusa, akaondoka.

Alikula bukari, ugali wetu, kwa mkono, vibaya lakini kwa moyo. Sombe, kisamvu chetu, akarudia. Samaki wa Tanganyika akamsafisha hadi mifupa. Mwisho akafuta sahani kwa tonge la bukari hadi ikang'aa, kama wanavyofuta kwa mkate. Hilo ni kweli basi.

Tulizungumza Kifaransa. Akasema nasema kama kitabu. Nilijiandaa kurekebishwa, maana wanasemwa kwa hilo. Badala yake mimi ndiye niliyemrekebisha, mara mbili. Alikubali mara moja. Mara ya pili alibisha, tukafungua kamusi. Nilikuwa nimepatia. Nilikuwa nafurahi. Lazima niandike hivyo. Kwa saa nzima nilikuwa nafurahi.

Kisha nikamtajia Bwana Lambert. Viazi. Bia na glasi yake. Akasema, kwetu hapana. Baiskeli: labda. Biskuti za mtakatifu: kwao Limoges hakuna anayeziweka, pengine mashariki huko. Nikaendelea. Naye akaendelea kutikisa kichwa, anatabasamu, kama mtu anayejumlisha hesabu. Mwishowe akaweka glasi chini.

"Nkambo, samahani. Huyo si Mfaransa. Huyo ni Mbelgiji."

Mezani pangu. Sahani yangu mbele yake. Kwetu mgeni hamsahihishi mzee kwenye meza ya mzee. Nikamwambia Mbelgiji namjua kuliko anavyomjua yeye. Baba yangu alipigwa fimbo na Wabelgiji, mgongo wake niliuona. Akasema anaelewa. Lakini hakurudisha neno lake. Mireille alimkanyaga mguu chini ya meza, niliona. Hakulirudisha.

Niliondoka mezani. Nikaja humu. Niliwasikia wakiosha vyombo bila kuongea.

Jumatatu, 12 Mei

Kiburi. Wana kiburi. Hilo waliosema walisema kweli.

Nimemwambia Mama Béatrice kwamba tarehe 31 sitakaa kwenye kiti cha mzee. Alishika kifua. Kasongo atakuwa amejua kabla ya jua kuzama.

Jumatano, 14 Mei

Mireille hasemi nami. Anaacha chakula kimefunikwa, anakwenda kazini.

Nimeishusha kamusi kutoka juu ya kabati. Aliniachia Bwana Lambert siku alipoondoka. Imevuka mipaka mitatu ndani ya blanketi langu, na picha za harusi yangu zilibaki. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kumnyamazisha kijana. Hakuna kitu. Jina lake na langu, basi. Harufu yake bado ni ya kabati lile.

Lakini nimekumbuka safari ya Likasi. Si kweli kwamba nimekumbuka. Sikuwahi kuisahau. Sikuwahi kuiandika.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Alinichukua kwenye gari lake dogo tukalete vitabu. Wakati ule ilikuwa vibaya kuwa Mbelgiji. Redio ilikuwa ikiwataja kila siku, na watu walikuwa wakikumbuka. Njiani kizuizi. Askari wawili, mmoja na miwani. "Weye ni Mubelgiji?"

"Hapana. Mimi ni Mfaransa."

Alisema kwa Kiswahili. Mkono wake juu ya usukani ulitetemeka. Askari akaichukua pasipoti, akaishika juu chini, akapekua, akaitupa ndani kupitia dirisha langu. Ikaangukia magoti yangu, jalada juu.

Simba.

Simba yule yule wa sarafu kuukuu za Wabelgiji alizoficha baba yangu kwenye kopo. Simba wa mihuri ya zamani. Hakuna mtoto wa Lubumbashi wa umri wangu asiyemjua simba yule.

Niliigeuza kifudifudi. Nikatazama miti hadi Likasi.

Nilijua. Zaidi ya miaka hamsini nimesema Mfaransa, Mfaransa, na nilijua.

Alhamisi, 15 Mei

Alituambia siku ya kwanza darasani: "Sisi hatukuwatawala ninyi." Kwa sentensi ile tulimpenda. Wavulana arobaini wenye baba wenye migongo kama wa baba yangu. Tungempenda vipi bila sentensi ile? Tusingempenda. Mimi nisingelala na kitabu chake. Nisingekuwa mtunza maktaba wa shule. Nisingekuwa mlinzi wa geti Johannesburg anayesoma kibandani hadi wenye nyumba wanamcheka.

Kila kitu changu kimejengwa juu ya uongo wa mtu aliyeogopa.

Nina hasira. Sijui naye au na mtu wa lifti.

Jumamosi, 17 Mei

Mbio tena. Kipaza sauti tena.

Mireille amesema. Alisimama katikati ya chumba, koti mwilini, na alisema kwa Kiingereza bila kupumzika. Kwamba Bastien amekosa adabu na anajua. Kwamba yeye mwenyewe alimpigia kelele njia nzima akimsindikiza. Lakini nani alimfundisha yeye kubisha kwa kamusi mkononi? Nani alimwambia tangu utotoni, usimkubalie mtu jambo kwa sababu tu ana nywele nyeupe?

Kisha: "Eish, Nkambo. Si Mfaransa unayemkataa. Unakataa Agosti."

Akaenda kuosha nywele.

Ni kweli. Nilikuwa natafuta kasoro ya taifa zima ili nisiseme nitabaki peke yangu na farasi nisiowaona.

Jumanne, 20 Mei

Baridi imeingia. Asubuhi nyasi nyeupe uani kwa umande ulioganda, kama Lubumbashi ya Juni, ile ya kuchoma majani na kuota moto nyuma ya jiko. Mama yangu alituvika soksi mikononi.

Nimekaa na jambo hili siku tatu. Kizuizi cha Likasi. Lango la kliniki. "Mimi ni Mfaransa." "Mimi ni Mvenda." Sentensi ni ile ile. Nilikuwa nahukumu mkono uliotetemeka kwenye usukani, na wangu ulishika kadi ya kliniki mwezi huu huu. Yule mama wa foleni aliijua lafudhi yangu, lazima aliijua. Mvenda hasemi Kizulu kama mimi. Akaitikia kwa kichwa tu. Alinigeuzia pasipoti kifudifudi.

Bwana Lambert alikuwa Mbelgiji, mwoga, mwalimu mzuri. Yote matatu.

Saa kumi nilimpigia Bastien simu. Mara ya kwanza. Aliomba radhi kwa kunisahihisha mezani, mbele ya watu, nikiwa na tonge mkononi. Kwa neno lenyewe hakuomba radhi. Nilingoja. Hakuomba.

Nikamwambia alipatia. Kisha akasema angependa kuwa amekosea.

Nilimwomba jambo moja: asimwambie mtu, hata Mireille. Akaahidi.

Baada ya simu nilifikiri hivi. Ilikuwa rahisi sana kwake kusema ndiyo, Nkambo, Mfaransa kamili huyo. Angekula, angenichukulia mjukuu wangu, angekwenda zake. Mtu asiyeweza kunidanganya mimi kwa sahani mbili za sombe, Mireille atamdanganya kwa nini?

Wanabisha. Hilo niliandike kama kweli iliyothibitika.

Jumapili, 25 Mei

Nimemwambia Kasongo nitakaa kwenye kiti. Alifurahi, kisha akarudi kwenye swali lake: atakuja na nani? Baba wa Bastien alikufa. Mama yake hasafiri, ana kondoo. Wenzake kazini ni vijana watupu. Mireille alipendekeza mama aonekane kwenye simu. Kasongo: "Simu haina magoti. Nani atapiga goti?"

Mama Béatrice anasema Wafaransa hawana ukoo, wana mbwa. Nimemwambia anyamaze. Nimemwambia kwa heshima.

Jumanne, 27 Mei

Nilimpeleka Bastien kwa Mzee Shekue. Ghorofa tano. Kijana alitangulia, akasimama mbele ya mlango wa lifti iliyokufa, akachungulia ndani kwa tochi ya simu muda mrefu. Akasema hii haihitaji fundi, inahitaji mazishi.

Shekue alikuwa anapinda pazia. Nikamweleza: kijana hana mzee, nataka uwe mshenga wake. Aseme kwa niaba ya upande wa Ufaransa.

"Mimi? Mdigo wa Tanga, niwe Mfaransa?" Alicheka hadi akavua miwani. "Mzee mwenzangu, baridi imekuingia kichwani."

Lakini alishasimama. Alishachukua futi shingoni na kuanza kumpima kijana mabega, kwa sababu, alisema, hatampeleka mtu wake posa na koti lile. Akamfundisha kwa Kiingereza chake cha dukani. Siku hiyo hutasema neno. Nitasema mimi. Utakaa, utatazama chini.

Bastien akauliza kwa nini asiseme siku ya posa yake mwenyewe. Si haki. Alitoa hoja mbili nzuri. Ya tatu ilikuwa inakuja.

"Bwana we," Shekue akamkatiza, na hili alilisema kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri, "posani mwanamume ni kama godoro. Godoro halisemi. Linabebwa."

Bastien akanitazama nimsaidie. Nilimwambia ndivyo ilivyo.

Jambo moja Shekue alikataa: hatabeba pombe. Ni Mwislamu, na ana miaka sabini na moja, na hataanza leo. Basi kinywaji kitakuwa juisi ya ukwaju. Mke wake ataipika.

Nilishuka ngazi bila kupumzika. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 31 Mei

Wameondoka. Saa kumi na moja. Niandike kabla mguu haujanilaza.

Sebule ya Mama Béatrice ilijaa. Viti vya kanisa. Sisi upande wa dirisha, wao upande wa mlango. "Wao" walikuwa Mzee Shekue kwa kanzu na koti, mke wake Bi Mwanahamisi na chupa tatu za ukwaju, mafundi wawili wa lifti kutoka Soweto waliovaa tai, na Bastien kwa koti jipya la kijivu, mabega yamekaa sawasawa. Mama yake alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chungu cha maua. Nyuma yake kondoo walilia. Hilo liliwasaidia sana. Wazee wetu waliona ni watu wa mifugo.

Shekue akasimama. "Sisi Wafaransa," alianza, na ikabidi angoje kicheko kiishe. Akaendelea bila kutabasamu. Sisi Wafaransa tumetembea mbali. Tumesikia nyumba hii ina ua. Hatukuja kulikata, tumekuja kuomba kulimwagilia. Alisema vizuri. Kiswahili cha Tanga kilikaa chumbani kama mgeni aliyevaa vizuri kuliko wenyeji. Akapiga goti, mzee yule. Akaweka chupa mezani.

Kasongo alifungua, akanusa. "Hii njo kinywaji gani? Mufaransa bila vino?"

"Ndiyo sisi wa kweli," Shekue akajibu. "Wale wa mvinyo ni wa kwenye picha."

Kisha zamu ya Kasongo kutusemea. Alitusifu. Msichana, marehemu mama yake, kanisa. Akafika kwangu. Akasema kwa sauti ya juu: ninyi Wafaransa sisi hatuwaogopi, tunawajua, mzee wetu huyu amefundishwa na Mfaransa kabisa wa Ufaransa, miaka mitatu, kwetu Lubumbashi!

Makofi. Mireille alinitazama haraka, akaangalia chini. Alikumbuka meza ile.

Mimi nilimtazama Bastien. Masikio yamekuwa mekundu. Yeye, anayebisha na kamusi. Alijua jibu, na midomo ilikuwa imefungwa kama bahasha. Alitazama viatu vyake. Aliahidi, na alikuwa anashika ahadi, na ilikuwa inamuuma mwilini; mtu yeyote angeona.

Sikuweza kunywa nikiwa na uongo ule mdomoni.

Nikasimama. Nikasema, hapana, Kasongo. Alikuwa Mbelgiji. Alituficha kwa sababu aliogopa, na mimi nilijua nikamfichia kwa sababu nilimpenda. Alikuwa mwalimu mzuri. Kijana huyu alinieleza mezani pangu nikaondoka kwa hasira. Alisema kweli.

Kondoo mmoja akalia, kutoka Limoges.

Mama Béatrice akasema taratibu, "Mubelgiji tena."

Kasongo ni mtu wa desturi. Desturi ilimwokoa. Alimgeukia Mireille, akauliza kama inavyoulizwa: mwanetu, kinywaji hiki unakijua kimetoka wapi? Tunywe?

Nilijua atajibu kwa Kiingereza. Mambo mazito huyasema kwa Kiingereza.

"Munywe, bankambo bangu," akasema. Kwa sauti ya Odile. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, mji ambao hajauona.

Nikanywa. Ukwaju mkali, tangawizi nyingi mno. Nilimaliza glasi.

Jumapili, 1 Juni

Nimekataa kwenda kanisani. Uchovu. Mireille alikaa nami, ananoa penseli zangu kwa kisu kama zamani. Kamusi nimempa. Alisema hapana, nikasema ndiyo. Kwanza niliandika chini ya jina la Bwana Lambert, kwa penseli: Mbelgiji. Nikaongeza jina la mji wetu.

Amesema Agosti ni mbali. Si mbali. Tumekubaliana kusema ni mbali.

Alhamisi, 5 Juni

Kliniki. Giza bado nilipofika, baridi ya kukata masikio. Foleni fupi kuliko mwezi uliopita. Langoni leo wale watu hawakuwapo.

Nyuma yangu alisimama mama mwenye blanketi mabegani, mtu wa umri wangu. Alinipa nusu ya gazeti nilikalie, ukuta ulikuwa na umande. Tukakaa. Baada ya muda akauliza, kama wanavyouliza wote, kwetu wapi.

Nikasema Lubumbashi.

Akafikiri. Akauliza ni upande gani. Nikamwonyesha kwa mkono, kaskazini, juu ya paa la kliniki, ambako anga lilikuwa linaanza kuwa jeupe. Akatazama huko.

"Kuna baridi kama hii?"

Ipo, nikamwambia. Mwezi Juni ipo.

Akanifunika goti bovu kwa pindo la blanketi lake. Foleni ikasogea.